Mtumbwi Uliolala Kifudifudi

Siku niliyoolewa sikuonja kitu. Kwetu bibi-arusi hali mbele ya wageni. Anakaa nyuma ya pazia, kitambaa kichwani, macho chini, na hata kama tumbo linalia kama chura wa mvua, anameza mate tu. Nilikuwa nimetoka Wamaza kwa miguu na ukoo mzima, tukafika Kasongo, kutoka Kasongo tukashuka mpaka ukingo wa Lualaba, na huko wakatupanga kwenye mitumbwi kama mihogo. Nilifunga macho mpaka tukafika kisiwani kwa mume wangu. Mimi ni mtoto wa shamba. Maji mengi niliyoyajua yalikuwa yale ya kijito cha kwetu, unaruka na ndoo kichwani. Baba yangu alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kwenye njia ya udongo ukianguka unaamuka. Kwenye hii ukianguka, hapana." Halafu akacheka peke yake, na mkono wangu hakuuachia mpaka ng'ambo.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Ukisimama kwenye pwani ya juu ukaita mtu wa pwani ya chini, anaitika. Majina ya watu wote wa pale niko nayo kichwani mpaka leo, hata ya watoto waliokufa kabla ya kutembea, lakini hapa sitamtaja mtu. Aliye hai ana haya zake, na aliyelala tumwache alale.

Nyuma ya pazia nilikuwa nasikia tu, na nanusa. Kambale wa mawese walikuwa wanaiva nje, harufu inapita chini ya pazia inakuja kunitafuta. Nilisikia watu wa kwetu wanalamba vidole. Nilisikia sauti ya mama mmoja, nzito kama ya mwanaume, inasema, "Mwanangu mukubwa ni mwanaume kweli! Muniongezee ingine!" Nilikuja kujua kwamba huyo ndiye mama mkwe wangu, na huyo mwanaye mkubwa ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kulisha arusi ilikuwa kazi ya shemeji. Watu wa Wamaza walikuwa wamekuja wengi kupita walivyosema, kama sisi watu wa mashamba tunavyofanya tukisikia samaki, na nyavu juma lile zilikuwa zinatoka na majani. Mwenye mto kumpa mgeni wake sombe tupu, majani ya mihogo bila samaki, ile ni aibu ambayo wajukuu wanaimbiwa.

Katikati ya kisiwa kuna bonde. Mto ukijaa unaingia mle, na samaki wanaingia na mto kutaga mayai. Kiangazi kikifika maji yanarudi nyuma, bonde linabaki kiziwa kilichofungwa, na samaki wamo ndani na watoto wao. Kwenye kiziwa kile hakuna mtu anayevua. Hata njaa iwe namna gani. Kila kiangazi, maji yakipungua, wamama wanaingia na vyungu na sufuria, wanachota samaki wakubwa na wadogo, wanafunika na majani mabichi, wanawapeleka mtoni na kuwamwaga. Wanasema, tukiwarudisha kwao, watakumbuka njia. Mkubwa wa kazi ile, mwenye kusema leo tunaingia au leo hatuingii, alikuwa mama mkwe wangu, na kabla yake mama yake.

Asubuhi baada ya arusi nilisikia kelele ya kilio, nikadhani mgeni wetu mmoja amefariki. Nikatoka hata bila ruhusa. Kiziwa kilikuwa cheupe. Watoto wa samaki, wadogo kama kucha, walikuwa wamelala juu ya maji, matumbo juu, mpaka usione maji. Usiku wa kuamkia arusi shemeji alikuwa ametwanga majani ya utupa, ile sumu ya samaki, akaitia kona moja tu, akijua itaishia pale pale, achukue wachache wa arusi na kiziwa kibaki kizima. Lakini maji hayana kona.

Hakukana. Alisimama mbele ya wazee wa kisiwa na mikono nyuma kama mtoto wa shule. Mama yake akampita bila kumwangalia, akashuka pwani kwenye mtumbwi wa mwanawe huyo, ule ulikuwa mpya, wa mti mmoja, umechongwa vizuri mpaka watu wa kando ya pili walikuwa wanauulizia. Akausukuma peke yake, mama mtu mzima, mishipa ya shingo imetoka, akaupindua kifudifudi kwenye mchanga. Ile ndiyo sheria yao. Mtumbwi ukilala hivyo, mwenyewe haweki tena mguu kisiwani, hapewi kitu mkononi, hapokewi kitu mkononi, na salamu yake haiitikiwi.

"Mutumbwi huu umelala," akasema. "Wa kuuamusha ni mutu wa kisiwa aliyekuwa ku arusi na hakula samaki ile. Na ukioza kabla hajatokea, umeoza na mwenyewe."

Mzee mmoja akauliza polepole, "Na ni nani hakula?"

Watu wakaangaliana. Midomo yote ilikuwa bado inang'aa mafuta. Hata watoto wa mgongoni walikuwa wamelambishwa mchuzi.

"Miye nilikula," mama mkwe akasema. "Nilisifu, na nikaomba ingine." Akarudi nyumbani.

Shemeji akaogelea mpaka ng'ambo. Akajenga kibanda pale mitumbwi inapofikia, upande wa Kasongo. Mke wake akamfuata kwa muda, halafu akarudi kwao Kabambare. Simlaumu, kukaa na mtu asiyeitikiwa ni kukaa na ukuta.

Nilikuwa mgeni, lakini sikuwa mjinga. Siku nyingi hazikupita, tukiwa tunatwanga sombe mimi na mama mkwe na wamama wengine, nikamwambia, "Mama, mimi sikula. Nilikuwa bibi-arusi."

Akatwanga, akatwanga. Halafu akacheka, si kwa ubaya. "Weye? Weye ni mutu wa kisiwa? Mutu wa kisiwa ni ule aliingia kiziwani akatoka na samaki. Weye hata miguu unanawa na kikombe!"

Wamama wengine wakacheka mpaka mmoja akaacha mchi. Ilikuwa kweli. Nilikuwa naogopa. Kila kiangazi wakiingia kiziwani, mimi nilibaki nyumbani na watoto wao wachanga, wote, wananililia kama mbuzi sokoni. Nilijaribu mara ya kwanza, nikafika ukingoni, kitu fulani kikateleza chini ya matope, nikarudi mbio. Nilijaribu tena mwaka mwingine, nikarudi vilevile. Wakaniita Bibi Kikombe. Hata watoto wangu mwenyewe waliniita hivyo nikiwakasirikia.

Miaka ikapita, na shemeji akazeeka ng'ambo tukimwona. Alikuwa anasuka migono, ile mitego ya fito ya kutegea samaki, mizuri kuliko yote niliyoiona, akiwauzia wapita njia, maana wetu hawapokei. Mtumbwi wetu ukifika ng'ambo, yeye alikuwa ameshaingia majini, anaushika usiyumbe tushuke. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemwambia asante. Na kila siku, kwa kila mtu, mkubwa na mdogo: "Jambo, mama. Jambo, baba. Jambo, watoto." Tunapita. Watoto wakishafika mbali wanageuka, wanaimba, "Mula-mayai! Mula-mayai!" Mume wangu alikuwa anapita na uso umekauka kama gome, na akirudi nyumbani siku ile hali chakula. Mara moja tu nilimsikia kwenye mtumbwi, amempa kisogo, anamwita kaka yake chini chini, "Yaya, jambo," kama mtu anayesali.

Na mtumbwi wake ulikuwa pale pale kwenye mchanga wetu. Watu wanaupita. Mvua inaunyeshea, jua linaupiga. Mchwa wa kisiwa kile wanakula mlango mtu akiwa ndani ya nyumba, na mitumbwi mingine iliyotupwa tuliiona inageuka unga. Kila mwaka watu walisema, mwaka huu umekwisha ule. Sikuwahi kuugusa. Hakuna mtu aliyeugusa mbele ya macho yangu.

Kitu kingine kilichonisumbua miaka ile, kidogo tu, ni chupa yangu ya mawese. Naijaza, naifunga na kigunzi, baada ya siku chache imeshuka. Nililaumu watoto. Nililaumu panya. Mama mkwe naye akaniambia, "Panya ya huku inapenda mawese sana, mwanangu. Funga muzuri." Nikafunga vizuri. Ikashuka.

Sasa kikaja kiangazi kimoja, simu zilikuwa zimeshaanza kuonekana kwenye mikono ya vijana, na dhahabu ya Lusangi imewatia wanaume wazimu. Waliondoka kwa mapikipiki, mume wangu na vijana wangu wakubwa pamoja nao, wakisema tutarudi kabla ya mvua. Kisiwani tukabaki wamama, wazee, na watoto. Na jua kama la mwaka ule sijawahi kuona lingine. Mto ulishuka kama kuna mtu anayeunywa. Pwani yetu, pale tulipokuwa tunateka maji mlangoni, ikawa tope tupu, refu na laini, na maji yenyewe yako mbali huko yanameta.

Mama mkwe alikuwa mzee sana sasa, anatembea kwa fimbo. Asubuhi moja akanituma, "Nenda uangalie kiziwa, uje uniambie."

Nikaenda. Nilisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti kama ya watu wengi waliokusanyika wananong'ona, wanabusu midomo yao. Nikasimama. Kiziwa hakikuwa na maji tena, kilikuwa uji wa matope, na matope yale yalikuwa yanapumua. Kambale, mgongo kwa mgongo, wakubwa kama paja la mtu, wametoa midomo juu wanaimeza hewa, wanazama, wanaimeza tena, kiziwa chote kinapanda na kushuka kama kifua. Nimezaa watoto, nimezika watu, nimeona radi ikipasua mti mbele yangu, lakini pale nilipiga magoti bila kujua. Uhai ule wote! Na ulikuwa unaomba pumzi moja tu, halafu moja tena.

Mama mkwe akasema tuingie siku ile ile. Wamama wakashuka na vyungu, sufuria, beseni za plastiki. Wakachota. Lakini kufika mtoni ndiyo ikawa kazi. Aliyekanyaga tope la pwani alizama mpaka kiunoni. Msichana mmoja alizama tukamtoa na matawi, chungu kikabaki huko. Tukamwaga samaki kwenye tope, wakawa wanapigapiga, jua linawakausha. Wamama wakaanza kulia. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, anaangalia kazi ya mama yake inakufa.

Ndipo tukaona kichwa majini. Shemeji alikuwa anaogelea kutoka ng'ambo, polepole, ndevu nyeupe. Akafika pale maji yanapokutana na tope, akalivunja tope kwa kifua akija kwetu, kama mtu anayelima kwa mwili, nyuma yake mfereji mdogo wa maji unamfuata. Akasimama karibu na ukingo mkavu, tope liko kwenye makwapa. Hakupanda.

"Mama," akasema, "sikanyagi kisiwa. Nasimama hapa. Munipe vyungu, mie natia ku maji."

Hakuna aliyesogea. Hapewi kitu mkononi. Kila mtu aliijua ile sheria kuliko jina lake. Wamama wakamwangalia mama mkwe. Mama mkwe akaangalia mto.

Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ile sauti ya kunong'ona ilikuwa bado masikioni. Nilikuwa na beseni yangu ya kufulia, tupu. Nikageuka, nikarudi kiziwani, nikaingia. Nililia kwa sauti, nasema kweli, nililia kama mtoto anayeogeshwa, vitu vinateleza kwenye mapaja yangu, vinanipiga, mwiba wa kambale ukanipasua kiganja. Nikamkumbatia mama mmoja wa samaki, tumbo lake limejaa mayai, nikamtia kwenye beseni, na wadogo nyuma yake kwa viganja. Nikatoka. Nikafika pwani, nikaingia kwenye tope mpaka magoti, mpaka mapaja.

"Shemeji," nikasema, "shika."

Mikono yake ilibaki juu kidogo, kama mtu ambaye hajui kama anasemeshwa yeye. Neno lile, shemeji, alikuwa hajalisikia tangu nimefika pale. Halafu akashika. Akageuka, akasukuma beseni kwenye ule mfereji wake mpaka maji mazima, akaiinamisha taratibu. Samaki akakaa kidogo, kama anafikiri. Akapiga mkia, akaenda.

Nyuma yangu mama mkwe akasema, "Wamama, munaangalia nini? Samaki zinakufa."

Basi vyungu vikaanza kuja. Sitaweza kuandika siku ile ilivyokuwa. Kalamu yangu ni ya darasa la pili tu. Tulifanya mstari kutoka kiziwani mpaka tope, wazee na watoto, chungu kinapita mkono kwa mkono, na cha mwisho kinafika kwake. Mmoja wa waliokuwa wakimwimbia Mula-mayai zamani, sasa mama mwenye mtoto mgongoni, alimpa sufuria akasema, "Baba, iko nzito, angalia." Akajibu, "Naiona, mwanangu." Jua lilimpiga kichwani mpaka mtu akamvika jani la mgomba. Hakuomba maji. Tulipompa, alikunywa na macho yamefungwa. Kila samaki aliyemwachia alimwambia kitu, midomo inacheza, lakini alichosema hakuna aliyesikia.

Jua liliposhuka kiziwa kilikuwa kimenyamaza. Yeye akataka kurudi kuogelea, hakuweza. Tope lilikuwa limemshika, na nguvu zimekwisha.

"Muniache kidogo," akasema. "Nitapumzika, nitaenda."

"Atapumzika hapo kama kiboko?" mama mmoja akasema, na watu wakacheka, kicheko cha kwanza siku ile. Tukaleta kamba ya mitumbwi, tukamfunga chini ya makwapa, tukavuta wote, tunaimba ule wimbo wa kuvutia nyavu. Akatoka na sauti kama kizibo. Akaanguka kwenye udongo mkavu wa kisiwa, na alipojua yuko wapi, akakunja miguu yake juu, asikanyage, mzee yule, kama mtoto anayeogopa moto.

Mama mkwe akaja na fimbo yake. Akasimama mbele yake.

"Ile siku ya arusi," akasema kwa sauti ile nzito, kila mtu asikie, "ni nani hakula?"

Matope yalikuwa yananikauka mwilini mpaka shingoni.

"Naulizia mutu wa kisiwa," akasema. Akanigeukia. "Bibi Kikombe. Ulikula?"

"Hapana, mama. Sikula."

"Basi unangojea nini?"

Nikashuka kwenye mchanga ulipolala ule mtumbwi. Niliogopa kuugusa kuliko nilivyoogopa kiziwa. Nilijua nitaweka mkono na utaingia ndani, unga wa mchwa, na hapo yote yameisha: mtu ameinuliwa kutoka topeni ili aone mtumbwi wake umeoza mbele yake. Nikaweka kiganja, kile kilichochomwa na mwiba. Mti ulikuwa mzima. Ulikuwa laini kama mgongo wa mtu aliyetoka kuoga. Nikapeleka mkono huku na huku, hakuna tundu, hakuna mchwa, na mkono ukawa unateleza. Nikaunusa.

Mawese.

Nikainua macho. Mama mkwe wangu, aliyeupindua kwa mikono yake, hakuwa na haki ya kuuinua. Lakini hakuna sheria iliyosema asiupake mafuta. Miaka yote ile. Na mgongo ule mbovu, na fimbo ile, sijui saa ngapi, sijui watu wako wapi.

"Unaniangalia nini?" akasema. "Inua."

Niliinua, wamama wakanisaidia kutoka pembeni maana peke yangu nisingeweza, lakini mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Mtumbwi ukageuka, ukakaa. Ndani mlikuwa mkavu, mjusi mmoja akakimbia. Shemeji alikuwa bado amekaa pale chini, ameinua miguu. Mama yake akagonga nyayo zake kwa fimbo, moja, na ya pili.

"Shusha miguu," akamwambia. "Unachoka bure."

Halafu akanishika bega, tukapanda naye kwenda nyumbani, na njiani akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Kesho uende Kasongo. Mawese yako imekwisha."

Asubuhi shemeji alinivusha. Nilikaa mbele, chupa tupu mapajani, macho wazi, kwa sababu sikutaka kupitwa na kitu. Watu walikuwa wameshakaa ng'ambo wanangoja mtumbwi, na wengine wetu waliolala kwa ndugu huko, ambao hawajasikia habari. Tulipokaribia, yeye akatoa sauti kama kila siku, "Jambo, mama. Jambo, baba." Wakaangalia mtumbwi. Wakaniangalia mimi ndani yake. Mzee mmoja wa kisiwa aliyekuwa anakohoa akamaliza kukohoa kwanza, akatema pembeni.

"Jambo," akasema. "Kisiwa iko muzima?"

"Iko muzima," shemeji akajibu, na akaacha kupiga kasia, mtumbwi ukaenda wenyewe mpaka ukagusa.